Siki yenye viungo: Namna ya kuitengeneza, namna ya kuitumia, na pale inapokoma kuwa dawa

Na Tabibu wa safu hii, Chinongwe, Ruangwa



Ndugu msomaji, katika masoko yetu ya Ruangwa na Nachingwea utazikuta chupa za siki iliyolowekwa vitunguu saumu, tangawizi, habbat sauda na majani ya aina mbalimbali. Muuzaji akiulizwa inatibu nini, jibu huwa refu: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uchafu wa akina mama, chango na homa zote. Kwa upande mwingine, wapo wanaoidharau siki kabisa wakiona ni ushamba. Makundi yote mawili yamepitiliza. Siki ina manufaa ya kweli na ina mipaka ya kweli. Asiyeijua mipaka yake anaweza kupoteza mguu, kizazi au mtoto akiwa na chupa ya siki mkononi.

Leo, inshaallah, tutajifunza mambo manne: siki ni kitu gani, namna ya kuitengeneza yenye viungo nyumbani, namna ya kuitumia, na mahali ambapo haifai kutumika kabisa.

SIKI KATIKA MAFUNDISHO YETU

Imepokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.) katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliuliza nyumbani kwake kama kuna kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiagiza, akawa anaila huku akiisifu. Wanazuoni wa tiba kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, nao waliiandika siki katika vitabu vyao. Mchanganyiko wa siki na asali, uitwao sikanjabini, ni miongoni mwa dawa za kale za matabibu wa Kiislamu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika hadithi hiyo siki imesifiwa kama kitoweo, yaani kitu cha kulia chakula. Haikutajwa humo kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye kuibandika siki jina la Sunna ili aiuze kuwa tiba ya kisukari na saratani amezidisha kisichokuwamo. Tena dini yetu hiyohiyo imetuamrisha tutafute matibabu, na kutafuta matibabu ni pamoja na kumwendea mwenye ujuzi na kupima.

SIKI HUTOKANA NA NINI?

Siki ni maji yenye tindikali iitwayo asidi ya asetiki. Siki ya kawaida ya mezani huwa na asidi hiyo kiasi cha asilimia 4 hadi 5 au zaidi kidogo. Ndiyo inayoipa ukali wake, na ndiyo inayovizuia vijidudu vingi kuota kwenye chakula.

Siki ya matunda hupita hatua mbili. Kwanza, hamira hula sukari ya juisi na kuifanya pombe. Pili, vijidudu vingine vinavyohitaji hewa huigeuza pombe ile kuwa tindikali. Ndiyo maana siki ya mnazi ya pwani hutokana na tembo lililoachwa likachachuka mpaka mwisho.

Kwetu huku, msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa Oktoba, mabibo huoza chini ya mikorosho. Mabibo yana sukari, na juisi yake inaweza kuwa siki. Lakini sote tunajua kwamba juisi hiyohiyo ikiachwa siku chache ni uraka, na uraka ni kileo. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza siki ya mabibo ayafahamu mambo haya:

1. Hatua ya katikati ni pombe. Hairuhusiwi kuonjwa wala kunywewa, na ndoo hiyo isiwekwe mahali watoto wanafika.

2. Kifiqhi, Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu pombe kugeuzwa kuwa siki, alikataza. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, kilichogeuka chenyewe kuwa siki bila kutiwa kitu ni twahara. Kilichogeuzwa kwa kutiwa kitu hakitwahariki. Wanazuoni wa Kihanafi wameona kugeuza kunafaa. Kwa hukumu ya hali yako muulize sheikh wako.

3. Siki ya nyumbani haijulikani ina tindikali kiasi gani. Inaweza kunukia siki na bado ikawa dhaifu, viungo vikaozea ndani yake.

Kwa sababu hizo, ushauri wa safu hii ni kununua siki ya dukani yenye lebo inayoonyesha asidi ya asilimia 5, kisha uitie viungo mwenyewe. Ni rahisi, ni salama, na haina utata wa pombe. Jihadhari sana na asidi kali ya viwandani, ambayo watu huizimua kwa maji na kuijaza kwenye chupa bila lebo. Ile ikiwa haijazimuliwa vizuri huunguza koo na tumbo kama moto. Siki isiyo na lebo usiinunue.

VYOMBO

Tumia chupa ya kioo. Siki hula chuma, bati na sufuria za alumini, na kilicholiwa huingia kwenye siki yenyewe. Kizibo kiwe cha plastiki. Kama ni cha chuma, weka karatasi ya nailoni safi katikati.

Kuna jambo la kukemewa hapa. Sisi wakulima wa korosho tunanunua salfa na viuatilifu kila mwaka kwa ajili ya ubwiri unga na wadudu. Vidumu na chupa za viuatilifu havifai kuwekewa siki, maji, mafuta wala chochote cha kuliwa, hata vikioshwa mara saba. Sumu hujificha kwenye plastiki. Vitoboe uviharibu ili mtu mwingine asivitumie.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Mahitaji:
- Siki ya asilimia 5, nusu lita.
- Viungo: chagua kimoja au viwili kati ya hivi: punje 3 au 4 za kitunguu saumu zilizomenywa, kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa kidole gumba, vijiti 3 au 4 vya mrehani, mnanaa au mchaichai. Kama majani ni makavu, vijiko 3 vya chakula vinatosha.

Hatua:

1. Chemsha chupa ya kioo ndani ya maji kwa dakika 10. Itoe, iinamishe juu ya kitambaa safi ikauke.

2. Chambua viungo. Majani yaliyooza, yaliyoliwa na wadudu au yenye ukungu yatupwe. Osha mara kadhaa kwa maji safi yanayotiririka, kisha yakaushe kabisa kwa kitambaa safi. Maji yakibaki kwenye majani huipunguza nguvu siki.

3. Pasha siki kwenye chombo cha enameli au cha chuma kisichoshika kutu mpaka ikaribie kuchemka, isichemke. Fungua madirisha, maana mvuke wake huwasha macho na kifua.

4. Tia viungo kwenye chupa ikiwa bado ina joto, mimina siki juu yake mpaka ivifunike vyote. Chochote kinachoelea juu ya siki kitaota ukungu.

5. Funga, andika tarehe na majina ya viungo, weka mahali penye giza na pasipo joto. Tikisa kila baada ya siku mbili au tatu.

6. Baada ya wiki 2 hadi 4 chuja kwa kitambaa safi, tupa viungo, na urudishe siki kwenye chupa safi.

Siki hiyo hukaa kiasi cha miezi 3 mahali pasipo joto, na zaidi kidogo kwenye jokofu. Ikiota ukungu, ikitoa povu au ikinuka vibaya, imwage yote.

Tumia viungo unavyovila kila siku jikoni. Majani na mizizi ya porini usiyoijua vizuri usiitie, kwani siki hunyonya uzuri wa mmea na sumu yake pia. Mama mjamzito asinywe siki iliyolowekwa shubiri au mizizi ya dawa.

NAMNA YA KUITUMIA

Kwenye chakula. Hapa ndipo mahali pake pa kwanza. Itie kwenye kachumbari, mboga za majani, samaki na maharage. Huleta ladha, na kwa mgonjwa wa presha inamsaidia kupunguza chumvi bila chakula kumchachia.

Kwenye kinywaji. Kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji, pamoja na mlo. Kwa siku visizidi vijiko 2. Usinywe siki tupu, kwani huchubua koo na kula meno. Ukimaliza sukutua kwa maji, na usipige mswaki mpaka ipite nusu saa.

Kwa mafua na koo linalokereketa. Kijiko kimoja cha asali na nusu kijiko cha siki ya tangawizi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Hulainisha koo na kutuliza kikohozi chepesi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani inaweza kumletea sumu hatari ya vijidudu kwenye utumbo.

Kwa usafi wa nyumba. Siki hutoa ukoko mweupe wa birika, hung'arisha vioo na huondoa harufu ya samaki kwenye ubao wa kukatia. Lakini usiichanganye na dawa ya madoa yenye klorini. Vikikutana hutoa gesi inayoweza kuua mtu chooni.

PALE INAPOKOMA

Kidonda na mguu wa mwenye kisukari. Chukua mfano wa mzee mwenye kisukari aliyechomwa na mwiba shambani. Miguu yake imekufa ganzi, hasikii maumivu. Anafunga kitambaa chenye siki na vitunguu saumu kwa wiki mbili, akiona harufu imepungua anashukuru. Chini ya kitambaa kidonda kinakwenda mfupani, na kitunguu saumu kibichi chenyewe kinaunguza ngozi. Akifika hospitali, mazungumzo ni ya kukata. Ni kweli kwamba zipo hospitali zinazotumia asidi ya asetiki iliyozimuliwa sana kwenye baadhi ya vidonda, lakini kwa kipimo maalumu, kwa kidonda kilichochunguzwa, na mgonjwa akipata dawa nyingine. Nyumbani, kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, kikafunikwa, na mwenye kisukari huenda kituoni siku hiyohiyo.

Sukari yenyewe. Zipo tafiti ndogo zilizoonyesha kwamba siki pamoja na mlo wa wanga hupunguza kidogo kasi ya sukari kupanda. Neno muhimu ni "kidogo". Haishiki nafasi ya vidonge wala sindano. Anayetumia insulini, au dawa za presha za kukojoza, azungumze na mhudumu wake kabla ya kunywa siki kila siku, kwa sababu inaweza kumshusha sukari au madini ya potasiamu. Mwenye vidonda vya tumbo aiache, kwani inaongeza tindikali juu ya jeraha.

Moto na mafuta ya ganda la korosho. Aliyeungua moto amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe siki, dawa ya meno wala mafuta. Anayebangua korosho akirukiwa na mafuta ya ganda aoshe kwa maji mengi na sabuni. Siki juu ya ngozi iliyokwisha kuunguzwa ni kuongeza jeraha.

Nyoka. Usichanje, usifyonze, usipake siki. Mlaze mgonjwa, mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, apelekwe hospitali haraka.

Homa. Kumkanda mtoto kwa siki hakuui vimelea vya malaria. Homa ni ya kupimwa, na kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache tu. Malaria ikionekana, dawa ya mseto ipo, nayo imekuwa ikitumika nchini tangu mwaka 2006. Na kama mtoto anakohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mtoto huyo ni wa kwenda kituoni saa hiyohiyo, si wa kupewa siki na asali.

KWA AKINA MAMA: SIKI NA TWAHARA

Jambo hili linaonewa haya, lakini hapana haya katika kujifunza dini na afya. Wapo mama zetu na dada zetu wanaoambiwa wajisafishe ndani kwa siki, limau au viungo ili waondoe uchafu, harufu, au "wajibane". Hili ni kosa la kitabibu, na dini haikulitaka. Twahara ya istinjaa kwa mwanamke ni kuosha sehemu ya nje inayodhihiri anapochutama. Hakukalifishwa kuingiza maji ndani, seuze siki.

Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanamke vijidudu vizuri ukeni ambavyo vyenyewe hutengeneza tindikali ya kumlinda. Ukimimina siki unaviua walinzi hao na kuchubua ngozi laini. Matokeo yake ni uchafu kurudi kwa wingi, maradhi kupanda kwenye kizazi, na urahisi zaidi wa kuambukizwa virusi vya UKIMWI kutoka kwa mume au mke aliyeambukizwa. Kinachotakiwa ni maji safi kwa nje tu. Uchafu wenye harufu mbaya, muwasho au maumivu chini ya kitovu una dawa zake kituoni, na mara nyingi mume naye hutibiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Siki ileile ina kazi kubwa kwa mwanamke ikiwa mikononi mwa mhudumu aliyefundishwa. Katika vituo vyetu vya serikali nchini, saratani ya mlango wa kizazi huchunguzwa kwa kipimo cha siki. Mhudumu hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia. Sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Ikionekana mapema huweza kutibiwa kwa kugandishwa kwa baridi au kwa joto maalumu, mara nyingine siku hiyohiyo, kabla haijawa saratani.

Fahamu vizuri: siki haitibu saratani hiyo. Inaionyesha tu, na anayeiona ni mwenye jicho lililofundishwa. Aliyejimiminia siki nyumbani hakujipima wala hakujitibu.

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Husababishwa na kirusi kiitwacho papiloma, na huanza kimyakimya bila maumivu. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 ndio hasa wanaotakiwa kupima hata kama hawaumwi. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi na kurudia mara nyingi zaidi. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, asisubiri hata wiki. Mabinti nao wana chanjo ya kirusi hicho, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Wengi husita kwa sababu ya stara. Una haki ya kuomba mhudumu mwanamke, na una haki ya kuhudumiwa faraghani. Nanyi akina baba, mwanamke wa kijijini mara nyingi hawezi kwenda hospitali ya wilaya bila ruhusa yenu na nauli yenu. Fedha inayonunua chupa ya siki ya mtaani aghalabu inakaribia nauli ya bodaboda kwenda kupima. Mpe nauli, na ikiwezekana mfuatane.

MUHTASARI

1. Nunua siki ya asilimia 5 yenye lebo, itie viungo vya jikoni, kwenye chupa ya kioo.
2. Ifanye kitoweo kwanza. Ukiinywa, izimue, na usizidishe vijiko 2 kwa siku.
3. Usiiweke machoni, kwenye kidonda, kwenye jeraha la moto wala ukeni.
4. Usiache dawa yoyote ya kituoni kwa ajili ya siki.
5. Homa, pumzi za haraka, kidonda cha mwenye kisukari na damu isiyo ya hedhi ni safari ya kituoni leo, si kesho.
6. Mama wa miaka 30 na kuendelea, ulizia kipimo cha siki katika kituo kilicho karibu nawe.

Wenye maswali wayaandike wayalete kwa wahudumu wa zahanati zao. Swali linaloonewa haya ndilo linalostahili kuulizwa mapema.

Wabillahi tawfiiq.